Kengele ililia, soja akadhani ni mafundi

Alhamisi iliyopita baada ya isha tulikua barazani Kibokoni, Mombasa, mwenye kahawa ashapita raundi ya pili na kashata zimebaki vumbi kwenye sahani, na maneno yalikua yaleyale ya Uyombo. Kama huishi huku pwani nikukumbushe tu, Uyombo iko Kilifi karibu na Watamu, ndiko walikotaka kujenga kiwanda cha umeme wa nyuklia, wenyeji wakakataa, 2024 wakaandamana wakakabiliana na polisi, na baadaye mpango ukaanza kutajwa upande wa Siaya. Barazani kwetu lakini habari haihami, ikishafika imekaa. Ami mmoja mwenye duka la vitambaa akasema yeye kulipuka hakumshughulishi, yeye aogopa wezi. "Mji huu mtu yuwaiba kifuniko cha mtaro mchana kweupe, hiyo urani nani ataichunga?" Kisha akanigeukia mimi. "Wewe si ulikua soja? Hebu tuambie."

Watu wakacheka na mimi nikacheka, manake ni kweli, nimefanya usoja, yaani ulinzi wa getini, miaka sita kwenye godauni la majani chai Shimanzi, na kutoka majani chai mpaka urani, ile fueli ya nyuklia, kuna safari. Nikajibu upuzi fulani nikamaliza kahawa yangu. Ila nilipofika nyumbani lile swali likakataa kulala, nikafungua simu nikasoma mpaka bando likaisha saa nane usiku, na nilichokiona ni kwamba hio safari si ndefu vile nilivodhani.

Nianze na chupa.

Godauni letu lilikua na mzee wa sampuli, tukimwita babu. Kazi yake ilikua kutoboa magunia na kutoa majani kidogo ya kupelekewa mabroka waonje kabla ya mnada. Kila asubuhi alikuja na chupa ya chai nyekundu yenye maua meupe, ile ya mfuniko wa kuzungusha, na wiki zangu za mchana lazima asimame getini animiminie kikombe, chai ya tangawizi kali mpaka machozi yatoka. Jioni atoka na chupa yake. Mimi nilikua nasachi kila mtu, mifuko, viatu, wale vijana wa kubeba nilikua nawavua mpaka kofia. Chupa ya babu sijawahi kuigusa. Ndani kuna nini? Chai. Si nimeinywa asubuhi!

Jioni moja ya masika, mvua imenipiga nimelowa mpaka soksi, nikamwambia babu nimiminie basi hicho kilichobaki. Akasema imeisha mwanangu. Nikaichukua mkononi mwake kwa utani nikaitikisa, na haikufanya ule mlio wa chupa tupu wala ule wa chupa yenye maji. Ilifanya shwaaa, kama mchanga. Ilikua imejaa chai, ila kavu.

Tukaangaliana. Huyu mzee ndiye aliyenitafutia kazi, mkewe na mama yangu walikua madrasa moja, harusi yangu alikaa mbele. Nikamrudishia chupa nikafungua geti, kisha nikaingia kibandani nikaandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio: saa kumi na moja na nusu, wafanyakazi wametoka, kila kitu sawa. Alistaafu miaka miwili baadaye kwa soda na mandazi na hotuba ya meneja, na vitabu vya godauni havikuonyesha kasoro hata siku moja, kwa sababu majani ya sampuli yana ruhusa yake na uzito wa chai una upungufu unaokubalika, na ukiiba ndani ya ile ruhusa hakuna karani atakayekuona hata akihesabu kwa miwani miwili.

Sasa tuje kwa wenyewe wa nyuklia. Mwaka 1992, Podolsk, mji ulio karibu na Moscow, kulikua na fundi wa kemia jina lake Leonid Smirnov, akifanya kazi kwenye taasisi inayoitwa Luch. Hakua gaidi wala jasusi. Urusi ilikua imevurugika, mshahara umeliwa na bei za vitu, yeye alikua yuwataka friji jipya na jiko. Na alikua anajua kitu kimoja, kwamba vitabu vya kazini vinaruhusu upungufu wa asilimia chache, vumbi linalopotea kwenye mitambo. Basi akawa anachota ndani ya hio ruhusa, gramu makumi leo, gramu makumi wiki ijayo, miezi kadhaa, mpaka akafikisha kama kilo moja na nusu ya urani iliyorutubishwa asilimia 90, ile ya kiwango cha silaha, akaificha kwenye balkoni ya nyumba yake. Haba na haba hujaza kibaba, huko walai kibaba chenyewe kilikua cha balaa. Na kilichonimaliza ni vile alivokamatwa. Hakuna mizani iliyomgundua wala kitabu kilicholia. Alikutana na majirani zake stesheni ya treni, wale majirani walikua wameiba betri kazini kwao, polisi wakawafuata watu wa betri wakamkuta na yeye amekaa na mzigo wake. Kama si betri sijui.

IAEA, lile shirika la atomiki lililo Vienna, wana hesabu yao kwamba kilo 25 za urani-235, ile aina ya urani ifaayo kwa bomu, ndio kiasi ambacho kikipotea huwezi tena kusema kwa uhakika kwamba bomu haliwezi kutengenezwa. Nilipoiona hio namba nikafanya hesabu ya kisoja. Gunia moja la chai tulilokua tukipokea lilifika kilo sitini na zaidi, kwa hivo hio si hata nusu gunia. Na urani ni nzito kuliko risasi ile ya fundi betri, yaani kilo 25 zote hizo kwa ujazo hazifiki lita mbili. Chupa ya chai. Nikaiweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Kiswahili chetu chatuchanganya kidogo hapa, neno usalama tunalitumia kwa mambo mawili. Kuna usalama wa mtambo usiharibike ukadhuru watu, yale ya Chernobyl na Fukushima, haya ndiyo tunayobishania barazani. Na kuna ulinzi, kumzuia binadamu mwenye nia yake asifike kwenye kitu. Ya kwanza wapigana na maumbile na mitambo, ya pili wapigana na mtu, na mtu yuwafikiri, yuwakuangalia, ajua wewe watoka kwenda msalani saa ngapi.

Halafu kuna soja mwenyewe. Watu wakisikia ulinzi wa nyuklia wanafikiria mbwa na bunduki na taa za kuzunguka. Mimi nafikiria saa tisa usiku. Nitasema ukweli, kuna usiku nilikua naandika OB ya saa zote mpaka alfajiri nikiwa bado niko saa tatu, sawa, sawa, sawa, nabadilisha tu kalamu ili ionekane nimeandika nyakati tofauti. Na tulikua na kengele ya dirishani, kunguru wa Mombasa mwawajua, wakitua pale yalia. Fundi alikuja mara mbili kuirekebisha, mara ya tatu mwenzangu akaifunga tambara, na hakuna mkubwa aliyeuliza kwa nini imenyamaza. Ikilia walitukasirikia, ikinyamaza walifurahi.

Kwa hivo niliposoma ya Oak Ridge sikushangaa kama wenye kuandika walivoshangaa. Hii ni Tennessee, Marekani, kiwanda cha Y-12, pale kuna jengo la kuhifadhi urani iliyorutubishwa lililogharimu zaidi ya dola milioni 500. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2012 watu watatu walipanda kilima gizani wakakata fensi moja baada ya nyingine kwa mkasi wa kukatia minyororo. Mmoja wao alikua mtawa wa Kikatoliki wa miaka 82, Sista Megan Rice, pamoja na Michael Walli na Greg Boertje-Obed, watu wa kupinga silaha. Bibi wa miaka 82! Hapa kwetu angekua ashaekewa kiti uani ashone makuti. Wakafika mpaka ukutani kwenyewe, wakaandika maneno kwa rangi, wakamwaga damu waliyokuja nayo, wakagonga ukuta kwa nyundo.

Na kengele zililia. Lakini kengele za uongo pale zilikua za kila siku, na kamera iliyotakiwa kuwaonyesha ilikua mbovu kwa miezi na yangoja matengenezo. Kuna walinzi ndani walisikia nyundo kabisa, wakadhani ni mafundi, kwa sababu mafundi walizoea kuja bila kuwaambia. Soja wa kwanza alipofika wale wazee wakamkaribisha mkate. Yule soja baadaye alifutwa kazi, na mimi hapo ndipo nilipokasirika, manake yeye ndiye aliyetokea! Kamera aliiharibu yeye? Mafundi ni yeye aliyewazoesha kuja kimya kimya? Haya.

Wenye taaluma hii wanasema ulinzi una mambo matatu, umgundue mtu, umcheleweshe, na uwe na watu wa kufika kabla hajamaliza. Na saa inaanza kuhesabiwa pale ulipomgundua na kuamini kwamba umemgundua, hio dakika ya kuamini ndio kazi. Kuta zote, milango yote, nyaya zote, ni za kumpotezea mwizi muda gari la bakap liwe njiani. Kama hakuna aliyepiga simu basi ukuta wenu ni mazoezi tu yeye yuwafanya.

Afrika yetu pia imo. Pelindaba, Afrika Kusini, pale ndipo ilipowekwa urani iliyobaki baada ya wao kuvunja mabomu yao sita. Novemba 2007 wanaume wanne wenye silaha walipita fensi ya umeme wakafika mpaka chumba cha dharura, wakampiga afisa mmoja risasi ya kifua, akapona alhamdulillahi, na usiku huohuo kundi jingine likajaribu kuingia upande mwingine. Urani hawakuifikia, wakatoka kama walivyoingia. Na Kinshasa, kwenye mtambo wa utafiti wa chuo kikuu, fimbo mbili za fueli zilipotea miaka ya sabini. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998 kwa watu wa mafia. Moja. Ya pili haijapatikana.

Lakini nikuulize, hapa Kenya tungoje nini, mtambo? Vyanzo vya mionzi viko tayari na havihitaji mtambo. Mashine za kutibu saratani kwa mionzi ya kobalti, vidonge vidogo ambavyo mafundi wa bomba na matangi hutumia kupiga picha weldi kama imeshika, vipimo vya viwandani. Urani ya bomu inalindwa na watu wenye bunduki, hivi vingine vinalindwa na mtu kama mimi. Na mtu wa kuviogopesha si gaidi wa sinema, ni kijana wa skrepu, wa vyuma chakavu.

Mwakumbuka Januari 2022, baada ya umeme kupotea nchi nzima na minara ya stima kung'olewa vyuma, serikali ilisimamisha biashara ya skrepu kwa miezi kadhaa. Jirani yangu Mikindani mwenye mizani alilia njaa kipindi kile. Huyu nilimuuliza juzi, ukiletewa chuma kizito cha mviringo kimefungwa vizuri utafanya nini? Akaniangalia kama mjinga. "Nitakivunja nione ndani kuna shaba."

Sasa skiza ya Goiânia, Brazil, Septemba 1987. Kliniki ya mionzi ilikua imehama jengo, mashine yao yenye siziamu-137, kitu cha mionzi mikali, wakaiacha mlemle ndani, jengo likabaki nusu limebomolewa halina mwenyewe. Vijana wawili wakaingia wakang'oa kile chuma kizito wakakipeleka nyumbani kwa wilbaro, wakakipigapiga, wakakiuza kwa mwenye yadi ya skrepu. Mle ndani mlikua na unga, na usiku ule unga ulikua unang'aa buluu. Mwenye yadi akauona ni ajabu ya Mungu, akawaita jamaa na majirani waje waone, akawagawia, watu wakajipaka mwilini kama vile sisi twapaka udi wa karafuu. Mkewe ndiye aliyekua na akili, aliona watu wa nyumba wote watapika akaunganisha na kile kitu, akakitia kwenye mfuko akakipeleka kwa madaktari. Alikipeleka kwa basi. Walikufa wanne, yeye akiwa mmoja wao, na mwingine ni mtoto wa kike wa miaka sita. Watu 112,000 na zaidi walipimwa, 249 walikutwa na uchafu wa mionzi. Chote hicho kilitoka kwenye unga usiofika gramu mia, na kosa lenyewe ni kwamba mtu alihama nyumba hakuaga.

Kuna ile alama ya mionzi, duara na mabawa matatu, nyeusi kwenye njano. Nilimwonyesha jirani yangu huyohuyo kwenye simu. "Si pangaboi?" Pangaboi, feni ya darini! Nikacheka lakini nikaja kusoma kwamba wenyewe waliligundua hilo kitambo, watu wengi duniani hawaijui alama ile, na mwaka 2007 IAEA na wale wa viwango vya ISO wakatoa alama mpya, pembetatu nyekundu yenye mawimbi ya mionzi, fuvu la kichwa, na mtu anakimbia. Waliijaribu kwa watu 1,650 nchi 11, na Kenya ilikua mojawapo. Nilimwonyesha jirani na hio. Hakusema kitu kwa muda, halafu akaniuliza kama naweza kumtumia WhatsApp ambandikie kijana wake pale kwenye mizani. Hio picha ya pili imefanya kazi sekunde tatu, ya kwanza imezunguka dunia zaidi ya miaka sabini watu wanaiona feni.

Barabarani ndio kabisa. Desemba 2013 Mexico, dereva amebeba chanzo cha kobalti-60 cha hospitali chapelekwa kutupwa, akasimama kituo cha mafuta apumzike, wezi wakachukua lori. Lori ndilo walilolitaka, mzigo hawakujua ni nini, wakaufungua, ukapatikana siku mbili baadaye umetupwa shambani. Mtu yeyote aliyewahi kulala Mtito Andei, kwenye barabara ya Nairobi, ndani ya treila ajua hio hadithi yaweza kuwa yake. Hata mkataba wa dunia wa kulinda urani na nyenzo nyingine za nyuklia, ule wa 1980, ulianza hasa na mzigo ulio njiani kati ya nchi na nchi, marekebisho ya kuingiza na vituo vyenyewe ndani ya nchi yalikubaliwa 2005 na yakaanza kufanya kazi Mei 2016. Miaka kumi na moja ya kutia sahihi, makaratasi nayo yana foleni zake.

Rafiki yangu dereva wa treila alikua na lake. Amepakia kontena la tailzi, apita kwenye yale mageti ya kupima mionzi, geti likalia. Akaekwa kando, akaja mtu na kipimo cha mkononi yuwazunguka kontena polepole, yeye moyo wamwenda mbio, ashawaza ataiambia nini familia. Kumbe ni tailzi tu. Vigae, mbolea ya potashi, mawe ya granaiti, hata ndizi, vyote vina mionzi kidogo ya asili, na geti halijui tofauti ya vigae na shari, lajua tu kuna kitu. Akaachiwa akaenda zake. Yeye alikasirika, alipoteza muda. Mimi nilifurahi sana, na nilimwambia akanitukana, nilifurahi kwa sababu geti lililia kwa tailzi na bado kuna mtu aliinuka kitini akaja na kipimo. Ni kontena la ngapi hilo la tailzi kwa wiki? Na aliinuka.

Kwa hivo ami, kama wasoma, jibu langu la Alhamisi ndio hili. Kenya ina mamlaka ya kusimamia mambo haya, KNRA, sheria ya 2019 ipo, na wakija tena na michoro yao, iwe Uyombo iwe Siaya, waache wataalamu waulize ya tetemeko na maji ya bahari. Mimi nitanyoosha mkono niulize soja wa getini atalipwa ngapi na kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Kengele ikilia mara ya arobaini kwa sababu ya kunguru, fundi yuwaja siku hio au wiki ijayo. Mlango wa ndani wafunguliwa na mtu mmoja au lazima wawili. Upungufu unaokubalika ni kiasi gani na nani aliupanga. Na yule soja akimshika mzee aliyemtafutia kazi, kuna mlango gani wa kupeleka hilo neno bila kuharibu harusi za watu, manake mimi sikuuona na wala sikuutafuta.

Jana nilirudi barazani. Ami hakuwepo. Mwenye kahawa alipita nikamuuliza kama imebaki, akalitikisa dele karibu na sikio lake, likafanya ule mlio wa maji. Nikamwambia nitilie, kisha nikamwambia hebu litikise tena.